Mapambo ya Ukutani kwa Nyumba Inayopokea Ulimwengu: Mwongozo kwa Wakazi wa Mombo na Milima ya Usambara

Nyumba yenye mapambo ya kiulimwengu, kwa maana inayotumika katika mwongozo huu, ni ile ambayo picha, nguo za kutundika, vinyago, vyungu, vikapu na sahani zake zimetoka katika nchi na mila zaidi ya moja, na bado zinakaa pamoja bila kugombana. Mara nyingi hudhaniwa kuwa nyumba ya namna hiyo ni ya watu wa miji mikubwa au ya wale waliosafiri sana, na mwenye nyumba wa Mombo, Soni au Lushoto hujiona hana budi kuagiza vitu kutoka mbali ili aipate. Msimamo unaotetewa hapa ni tofauti: uchaguzi mzuri huanza kwa kuujua ukuta wenyewe na hali ya hewa inayouzunguka, hufuatwa na kazi za mikono ambazo mwenye nyumba anaweza kumjua aliyezifanya, na vitu vya mbali huingia mwishoni, vikiwa vichache, kila kimoja kikiwa kimepewa mahali na sababu ya kuwapo.

Utaratibu huo una historia ndefu katika ukanda huu. Wakazi wa miji ya kale ya pwani walipokea vyombo vya kauri kutoka China na Uajemi kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na hawakuridhika kuvirundika ndani bali walivipachika katika majengo yao wenyewe: katika makaburi ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, bakuli na sahani za Kichina zilizamishwa katika lipu ya nguzo, na makaburi ya nguzo ya Tongoni, kusini kidogo ya mji wa Tanga, ni ya desturi hiyo hiyo. Huko Lamu, nyumba za mawe ya matumbawe za karne ya 18 zilijengwa pamoja na zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu katika ukuta wa chumba cha ndani na kunakshiwa kwa chokaa, ambamo kauri na vitu vingine vya thamani viliwekwa ili vionekane. Sahani ilikuwa ngeni, lakini ukuta, chokaa, nakshi na mpangilio vilikuwa vya wenyeji, na kwa sababu hiyo chumba hakikugeuka kuwa duka la bidhaa za nje. Anayejenga sasa kwa tofali za kuchoma, ambazo ni za kawaida Usambara, anaweza kuiga jambo hili kwa gharama ndogo iwapo ataamua kabla fundi hajaanza kazi, kwa kuwa ukuta wa inchi 9, yaani wenye unene wa takriban sentimita 23, unaweza kuachiwa kishubaka kisichozidi nusu ya unene huo, chenye lenta fupi ya kubeba tofali za juu na kilicho mbali na kona, ilhali kuuchimba ukuta uliokwisha kusimama ni hatari isiyofaa kuingiwa kwa ajili ya pambo.

Milima ya Usambara yenyewe imekwisha kuzipamba nyumba za dunia, na jambo hili linastahili kujulikana zaidi na wakazi wake. Ua dogo la zambarau linalowekwa madirishani huko Ulaya na Marekani, ambalo Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara, ni la jamii ya mimea iliyopewa jina la Saintpaulia mwaka 1893 na mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, kwa heshima ya ofisa wa kikoloni Walter von Saint Paul-Illaire aliyeikusanya katika maeneo haya. Kwa nyumba ya Lushoto hakuna pambo la dirishani linaloshinda ua hili kwa kufaa, kwa sababu hupenda ubaridi wa wastani, unyevu na mwanga usio na jua kali. Humwagiliwa kwa kuwekewa maji katika kisahani kilicho chini ya chungu, kwani maji baridi yakidondokea majani huyaachia madoa. Inapasa linunuliwe kwa wenye vitalu, kamwe lisichimbwe porini, kwa maana aina zake za asili zinapungua kadiri misitu inavyokatwa.

Safari ya kinyume ilifanywa na mkonge, ambao leo ndio sura ya tambarare za Mombo na Korogwe. Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf kwa kuagiza miche kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyookoka safari. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, mashamba yalipata njia ya kupeleka singa, yaani nyuzi zinazotolewa katika jani, hadi bandarini. Mgeni huyo amekaa muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayemwona mgeni tena, na singa zake, zikisukwa kuwa zulia, kamba nene au kitambaa kizito cha kutundikwa, ni malighafi ya kwanza ambayo mpambaji wa nyumba wa Mombo anapaswa kuifikiria. Rangi yake ya maziwa yaliyochujuka hukubaliana na karibu kila rangi ya ukuta, nayo hupunguza mwangwi katika sebule zenye sakafu ya saruji na bati lisilo na dari.

Kabla ya kununua chochote, mwenye nyumba hana budi kujiuliza anaishi mwisho gani wa barabara ya kupanda mlimani. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33 tu, lakini katika umbali huo barabara hupanda zaidi ya mita 900, na kinachodumu chini si lazima kidumu juu. Mombo kuna joto na jua kali, na vumbi la barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha huingia kila penye upenyo; adui wa mapambo hapo ni mwanga unaofifisha rangi, ukavu unaopasua mti, na vumbi linaloganda katika nyuzi. Lushoto kuna ukungu, mvua na miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti ambapo nguo huchelewa kukauka. Adui huko ni unyevu, ambao huleta kuvu, yaani ule utando wa kijivu au mweusi unaoota kwenye karatasi, turubai na ngozi. Kwa hiyo picha ya karatasi iliyo nyuma ya kioo hukaa vyema Mombo ikiwekwa mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana, lakini Lushoto picha hiyo hiyo huota kuvu ikiwa kioo kimeigusa moja kwa moja, na fundi wa fremu anapaswa kuagizwa aweke ukingo wa kadibodi nene kati ya kioo na picha ili hewa ipate nafasi. Turubai isiyo na kioo, ikitundikwa mlimani, huhitaji vipande viwili vidogo vya mti nyuma ya pembe zake za chini ili isishikane na ukuta, na ukuta wa nje unaoelekea upande wa mvua uachwe mtupu au upewe vyungu na kauri.

Kwa hali hizo zote mbili, kazi ya sanaa inayofaa kutangulizwa ni mchoro wa tingatinga. Mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa, akitumia rangi ya mafuta iliyokuwa ikipakwa kwenye baiskeli. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, akiwa amechora kwa muda wa miaka minne tu, na wanafunzi wake wakaiendeleza kazi hiyo hadi kuunda chama chao cha ushirika mwaka 1990. Mambo matatu ya vitendo yanatokana na historia hii. La kwanza ni kwamba rangi ya mafuta haiogopi unyevu na hufutika vumbi kwa kitambaa chenye majimaji, jambo ambalo michoro mingi ya thamani kubwa zaidi haiwezi kulivumilia. La pili ni kwamba ubao wenyewe hunywa unyevu kwa upande wa nyuma na kujipinda, hivyo anayeupeleka mlimani aupake vanishi nyuma na kwenye kingo kabla ya kuutundika. La tatu ni kwamba mchoro unaouzwa kwa madai ya kuwa ni wa mkono wa Edward Tingatinga mwenyewe ushukiwe hadi uthibitishwe, kwa sababu alichora kwa muda mfupi na kazi zake nyingi ziko kwa wakusanyaji; mchoro wa msanii aliye hai, mwenye jina lililosainiwa na anayeweza kuulizwa maswali, ni ununuzi wa heshima zaidi kwa pande zote. Kwa kuwa mng'ao wa rangi hii hurudisha mwanga, mchoro haufai kutazamana na dirisha, na kwa kuwa rangi zake ni nyingi na kali, mmoja mkubwa juu ya ukuta wa rangi tulivu hupendeza kuliko midogo sita iliyotapakaa.

Vinyago vya Wamakonde vinahitaji mnunuzi mwenye jicho. Mpingo, mti mweusi unaochongwa vinyago hivyo, ni mzito kupita maji, kwa hiyo kipande chake huzama. Kinyago chepesi kinachoelea ni cha mti mwingine uliopakwa rangi au dawa ya viatu. Njia rahisi dukani ni kukitazama chini, mahali ambapo mchongaji hakupang'arisha, na kukisugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu: weusi ukihamia kwenye kitambaa, au mkwaruzo mdogo ukionyesha mti mweupe ndani, jibu limepatikana, ingawa mstari wa rangi ya maziwa pembeni si kasoro, kwa kuwa mpingo halisi una tabaka la nje la rangi hiyo na wachongaji wengine huliacha kwa makusudi. Mpingo uliochongwa kabla haujakauka hupasuka ukifika katika joto la Mombo, hivyo uwekwe mbali na dirisha la magharibi na upakwe mafuta kidogo mara kwa mara. Kinyago chochote cha mti kinachodondosha unga laini kutoka katika matundu madogo kina bungua, yaani wadudu wanaotoboa mti kutoka ndani. Kifungwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kikae ndani ya jokofu la kugandisha kwa wiki mbili, kisha kiachwe kirudi katika joto la kawaida kabla ya kufunguliwa.

Wanawake wa Kisambaa hufinyanga vyungu kwa mkono na kuvichoma kwa moto wa wazi, na mabaka meusi yaliyoachwa na moshi kwenye ubavu wa chungu ndiyo uzuri wake, kwani hakuna viwili vinavyofanana. Chungu cha namna hii hakina mng'aro wa kuzuia maji, hivyo kikiwekewa maua mabichi hupitisha maji na kuharibu meza. Kiwekewe chupa ndani au kitumiwe kwa majani makavu. Vyungu vitatu vya ukubwa tofauti sakafuni, chini ya ukuta mtupu, hutosha kwa ukumbi mzima. Tenga, ambalo kila siku hushusha nyanya, kabichi na matunda kutoka mlimani, ni pambo jema likiwa jipya na safi, kwa kuhifadhia mablanketi au magazeti, na kawa za ukindu, yaani vifuniko vya chakula vilivyosukwa kwa majani ya mkindu, zikitundikwa ukutani kwa mafungu ya tatu au tano huleta duara na rangi bila gharama kubwa. Vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa juu ya makochi navyo visidharauliwe wala kufichwa kwa kuonekana vya zamani; kazi ya mkono wa mama au shangazi ina haki ya kukaa sebuleni kuliko chapa ya mnara wa Paris iliyotoka kiwandani.

Kanga ikitumika kama pambo, ikazwe juu ya fremu ya mti au iteremke kutoka kwenye ufito wa mwanzi, na mpangilio wake, yaani pindo linalozunguka, mji ulio katikati na jina lililoandikwa chini, usikatwe ili kupata kipande kidogo. Mwenye nyumba akumbuke kwamba kila mgeni ataisoma, na kwamba jina linalochekesha miongoni mwa marafiki laweza kuwaumiza mawifi na wakwe. Imani nayo iheshimiwe: katika nyumba nyingi za Kiislamu picha za viumbe wenye roho haziwekwi, hasa mahali pa kuswali, na hapo mikeka ya rangi, mapambo ya maumbo na khati za Kiarabu hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na michoro ya wanyama; aya za Kurani zitundikwe juu, mahali pa heshima, mbali na choo na mlango wake.

Vipo vitu ambavyo havifai kuwa pambo hata vikiwa vizuri kiasi gani. Tunguri, yaani vibuyu vya dawa vya waganga wa kaskazini mashariki ya Tanzania, ambavyo baadhi vina vizibo vilivyochongwa sura ya mtu, pamoja na vinyago vya udongo vilivyotumika kufundishia katika jando na unyago, ambavyo mtafiti Hans Cory alivichapishia kitabu mwaka 1956, ni vyombo vya elimu na tiba ambavyo vilikusudiwa kuonwa na watu maalumu kwa wakati maalumu. Kuvipanga kwenye rafu ya televisheni ni kuwavunjia heshima wenye mila hiyo, ambao wengi wao ni majirani, na anayetaka kuvijua ana makumbusho ya kwenda. Pembe za ndovu, ngozi za chui na sehemu nyingine za wanyamapori zinadhibitiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa la jinai. Vitu vya kale vilivyochimbuliwa au kung'olewa magofuni navyo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Baada ya hayo, ulimwengu unaweza kuingia, na ni vyema uanze na majirani. Kutoka Uganda hupatikana nguo ya gome la mti wa mutuba, yenye rangi ya udongo mwekundu, ambayo ustadi wa kuitengeneza ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Kutoka Rwanda kuna imigongo, paneli zenye pembe na mistari zinazotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Kutoka Tabaka, katika nchi ya Wakisii huko Kenya, huja bakuli na sanamu za jiwe laini. Na kutoka Kasai huko Kongo kuna nguo za nyuzi za mwale za Wakuba, ambazo kipande kimoja chake kinatosha kuwa moyo wa chumba kizima. Nguo ya gome na imigongo hazipendi unyevu na zinafaa Mombo kuliko Lushoto, wakati jiwe la Tabaka halijali lolote isipokuwa kuanguka. Kutoka mbali zaidi, jambo la kuazima laweza kuwa ni desturi badala ya kitu: katika nyumba za kijadi za Kijapani kuna kijumba cha ukutani ambamo hutundikwa mchoro mmoja tu, unaobadilishwa kufuata majira, na mwenye nyumba wa Usambara anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kutundika vitu vya nyuzi wakati wa kiangazi na kuvipumzisha sandukuni wakati wa masika. Ili vitu vya asili mbalimbali visigombane, kimoja kati ya rangi, malighafi na umbo kirudiwe katika kila kitu. Rangi ya udongo uliochomwa, ambayo tayari iko katika vyungu, katika nguo ya gome na katika tofali za nyumba yenyewe, ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi hapa.

Kuhusu kutundika, majumba mengi ya makumbusho huweka katikati ya mchoro kwenye kimo cha sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni, ambacho ni kimo cha macho ya mtu mzima aliyesimama. Katika nyumba ambayo wageni huketi makochini, na zaidi ile ambayo huketi mkekani, kimo hicho ni kirefu mno, na kukishusha kwa sentimita 15 au zaidi humfanya aliyeketi aone mchoro badala ya ukingo wa fremu. Mchoro ulio juu ya kochi uwe na upana unaokaribia theluthi mbili za kochi hilo, na uachiwe nafasi ya sentimita 15 hadi 25 juu ya egemeo. Ukuta wa bloku au tofali za kuchoma hutobolewa kwa drili na kutiwa plagi ya plastiki kabla ya skrubu, kwani msumari wa zege unaogongwa kwa nyundo hubomoa lipu. Ukuta wa udongo haubebi kitu kizito hata kidogo, na hapo fremu itegemee nguzo za mti zilizo ndani ya ukuta. Vitu vizito vitundikwe kwa ndoano mbili zilizosawazishwa kwa pima maji, na kila baada ya miezi mitatu fremu ishushwe na nyuma yake ikaguliwe, kwa kuwa mchwa hupenda kupandisha vichuguu vyao vya udongo mahali pasipoonekana.

Mpangaji ambaye mwenye nyumba hamruhusu kutoboa ukuta ana njia moja nzuri, inayofaa vyumba vya kupanga vya Mombo: ufito wa mbao ya paini uliopigwa randa na kupakwa vanishi, wenye urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, unaoning'inizwa kwa kamba mbili za mkonge kutoka kwenye boriti au kenchi. Juu yake zitafungwa kanga, mchoro mwepesi, kawa na picha za jamaa kwa nyuzi za urefu tofauti, na siku ya kuhama vyote vitafunguliwa na kukunjwa pamoja na ufito wenyewe bila kuacha tundu hata moja la kudaiwa. Nyuma ya kila kitu kiandikwe kwa penseli jina la aliyekitengeneza, mahali kilipotoka na mwaka kilipopatikana, ili watakaokirithi wajue walichopewa.